Newton na siri ya tanuru la Cambridge

JINA la Isaac Newton hutajwa kila mwanafunzi anapofundishwa nguvu ya uvutano. Kisichotajwa darasani ni kwamba bingwa huyo wa Uingereza alitumia takriban robo karne akitafuta siri ya alkemia, elimu ya kale ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu.

Alizaliwa Woolsthorpe mwaka 1642, miezi mitatu baada ya baba yake kufariki dunia. Mwaka 1669, akiwa na umri wa miaka 26, aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati Cambridge. Mwaka huo huo alinunua tanuru.

Msaidizi wake wa miaka ya 1680, Humphrey Newton, aliacha kumbukumbu kwamba majira ya kuchipua na ya vuli moto haukuzimwa usiku wala mchana kwa karibu wiki sita, wakipokezana kukesha.

Haikuwa kazi ya mikono pekee. Wanaalkemia waliamini kuwa ufunguo wa elimu hiyo ni karama ya Mungu, asiyopewa mwenye tamaa, na kwamba anayesafisha madini hana budi kusafisha nafsi yake. Newton, msomaji hodari wa Biblia, aliamini wahenga waliificha hekima hiyo katika visa vya miungu yao. Penye simba wa kijani au joka, yeye alitafuta madini ya kuyeyusha.

Alifanya yote hayo kwa siri, na si bila sababu. Sheria ya mwaka 1404 iliyoharamisha utengenezaji wa dhahabu ilifutwa mwaka 1689 tu.

Mwaka 1693 akili yake ilivurugika, akawaandikia marafiki barua za shutuma zisizo na msingi. Nywele zake zilizopimwa katika miaka ya 1970 zilikutwa na zebaki nyingi, ingawa wataalamu hawajakubaliana kama ndiyo iliyomdhuru.

Alipona, na mwaka 1696 mtafuta dhahabu huyo akakabidhiwa usimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Serikali. Aliwasaka watengeneza fedha bandia bila huruma. William Chaloner alinyongwa mwaka 1699.

Newton alifariki dunia mwaka 1727 na kuzikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa. Maandishi yake ya alkemia, yanayokadiriwa kufikia maneno milioni moja, yalionekana hayafai kuchapishwa. Hata Chuo Kikuu cha Cambridge kiliyarudisha kwa wenyewe mwaka 1888.

Yaliuzwa kwa mnada London mwaka 1936. Mchumi John Maynard Keynes alinunua sehemu kubwa, na leo yamehifadhiwa King's College, Cambridge.