Imaam An-Nawawiy: Aliyeipenda Elimu na Kuikimbia Sifa

Mtoto wa chuoni katika visiwa vyetu huenda hajui mji wa Nawa uko upande gani wa dunia, lakini Arba'iin ameanza kuihifadhi angali mdogo. Baba yake akikaa darsani baina ya Magharibi na Isha husikia Riyaadhus-Swaalihiyn ikisomwa, na Masheikh wetu wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy wakitafautiana katika mas-ala ya fiqhi hurejea Minhaaj. Vitabu vyote vitatu ni vya mtu mmoja, Yahya bin Sharaf An-Nawawiy (Allaah Amrehemu), aliyeishi miaka 45 tu ya Hijri. Tunayajua majina ya vitabu vyake, lakini ni wachache kati yetu waliosimuliwa alivyoishi.

Alizaliwa mwaka 631 Hijri (1233 Miladi) Nawa, kusini mwa Dimishqi katika nchi ya Shaam. Sheikh mmoja aliyepita hapo alimkuta akiwa na umri wa miaka kumi, wenzake wanamlazimisha kucheza, naye anawakimbia huku analia na kusoma Qur-aan. Baba yake alimweka dukani, lakini kuuza na kununua hakukumshughulisha. Mzee akaona, na mwaka 649 akampeleka Dimishqi kusoma. Tungependa wazazi walitafakari hilo: alikuwa na duka na mtoto wa kumsaidia, akamwacha aende.

Dimishqi alikaa katika chumba kidogo cha Madrasatur-Rawaahiyyah, akila mkate wa madrasa. Kila siku alikuwa na darsa kumi na mbili kwa masheikh mbali mbali. Kitabu cha At-Tanbiyh alikihifadhi kwa muda wa miezi minne na nusu hivi. Alisimulia kuwa kwa miaka miwili hakuuweka ubavu wake chini kulala. Usingizi ukimzidi huegemea vitabu vyake kidogo kisha akaamka. Siku moja alitamani kusomea utabibu, akanunua kitabu cha Ibn Siynaa, lakini moyo wake ukaingia kiza kwa siku kadhaa hata akashindwa kufanya lolote. Akakiuza, na moyo ukarudi ulipokuwa. Wala asifahamu mtu kuwa tunawakataza vijana udaktari, visiwa vyetu vinawahitaji sana madaktari. Yeye aliijua kazi aliyoumbiwa, basi.

Hakuoa. Katika hili hatumshauri kijana yeyote amfuate, kwani ndoa ni Sunnah. Alikula mara moja kwa siku, baada ya Isha, na sehemu ya chakula chake ilikuwa mikate mikavu na tini alizoletewa na wazazi wake kutoka Nawa. Matunda ya Dimishqi hakuyagusa, kwa sababu mashamba mengi ya huko yalikuwa ya waqfu na mali za mayatima, akichelea shubha.

Mwaka 665, alipofariki Abu Shaamah, alikabidhiwa Daarul-Hadiyth Al-Ashrafiyyah, nafasi ambayo wanachuoni wakubwa waliitamani. Aliisomesha mpaka kufa kwake bila ya kuchukua mshahara wake kwa matumizi yake. Walipomwita Muhyid-Diyn, yaani mwenye kuihuisha Dini, alichukia. Na ndilo lakabu lililoandikwa katika majalada ya vitabu vyake mpaka leo!

Asidhani mtu kwamba kukimbia sifa ni kukaa kimya. Sultani Adh-Dhaahir Baybars alipotaka kuzishika bustani za watu wa Dimishqi, An-Nawawiy alimwandikia kumkataza. Sultani alighadhibika, na inasimuliwa kuwa aliamrisha akatiwe mshahara, akajibiwa kuwa mtu huyu hana mshahara. Asiyetaka kitu kwa mfalme, mfalme atamnyima nini?

Lililotugusa zaidi limesimuliwa na mwanafunzi wake, Ibnul-'Attwaar. Siku moja sheikh wake alimkabidhi madaftari yapatayo elfu moja, yote kwa khati ya mkono wake, akamwamuru ayapeleke kwa wauza karatasi na ahakikishe kuwa yameoshwa wino wote. Akamwonya asithubutu kwenda kinyume. Mwanafunzi akatii, na akakiri kwamba majuto hayakumtoka moyoni. Ni elimu gani iliyomo humo, Allaah Ndiye Ajuaye. Sisi tukiandika ukurasa mmoja tunauliza umesomwa na wangapi. Yeye alikesha miaka kwa kazi ile, kisha akaiosha kwa maji, na kesho yake akaendelea kuandika.

Mwaka 676 alirudisha vitabu vya waqfu alivyokuwa ameazima, akazuru makaburi ya masheikh zake na kuwaaga jamaa zake waliokuwa hai. Akaenda kuzuru Baytul-Maqdis, kisha akarudi Nawa. Aliugua katika nyumba ya baba yake, akafariki usiku wa tarehe 24 Rajab. Khabari ilipofika Dimishqi aliswaliwa Swalah ya ghaibu. Al-Majmuu', kitabu chake kikubwa cha fiqhi, kilikuwa kimefika mlango wa riba. Taqiyyud-Diyn As-Subkiy alijaribu kukiendeleza, naye akafariki kabla ya kukimaliza.