Allidina Visram: Maduka Yamekwisha, Shule Bado Ipo

Sisi wa Msambweni, Diani na Ukunda, tukivuka feri pale Likoni kuingia Mombasa, twaisikia shule ya Allidina Visram. Lakini mwenye jina lake alikuwa nani hasa?

Allidina alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, Kutch, India, katika Waislamu wa Kiismailia. Mwaka 1863, mtoto wa miaka 12 tu, akafika Bagamoyo mikono mitupu. Aliajiriwa na tajiri Sewa Haji Paroo, akajifunza kazi ya misafara: nguo na chumvi zaenda bara, pembe za ndovu na nta zarudi pwani. Baadaye akawa na misafara yake mwenyewe.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bwana huyu akaifuata nyuma nyuma akifungua maduka. Miaka michache tu, maduka yake yakapita 30. Wala hakutosheka na kuuza na kununua. Alianzisha viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta, kutengeneza soda na fanicha. Si mchezo!

Na mali haikumfumba mkono. Wageni waliokuja bila kitu, kama alivyokuja yeye, aliwapa bidhaa kwa mkopo wakaanze maisha. Hata kanisa la Namirembe, Kampala, alilichangia, kwani jirani ni jirani.

Mwaka 1916 akafariki kwa homa aliyoipata katika safari ya Congo. Haukupita muda, ile biashara kubwa ikaporomoka. Lakini mwanawe, Abdulrasul, alijenga shule Mombasa kwa jina la babake, ikafunguliwa mwaka 1923. Tuseme ukweli: wakati wa ukoloni ilikuwa shule ya watoto wa Kihindi, mtoto wa Kidigo hakuwa na nafasi. Baada ya uhuru ndipo mlango ukawa wa wote.

Basi tujiulize, ndugu zangu: katika mali yote ile, kilichobaki ni kipi? Si pembe, si maduka. Ni darasa, na mtoto mwema aliyemkumbuka mzazi wake. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea. Ukianza leo na kibanda cha samaki au duka la mtaani, anza pia kutoa, kidogo kidogo, usingoje utajirike.