Patterson, mhandisi aliyewaua simba wala watu wa Tsavo

Wanaoishi jirani na Hifadhi ya Katavi wanaijua hofu ya simba. Mwaka 1898 iliwakumba wajenzi wa reli huko Tsavo, Kenya: simba wawili waliwala vibarua usiku hadi kazi ikasimama.

John Henry Patterson, msimamizi wa daraja na mpenda pori, alikesha juu ya dungu. Desemba akawaua wote wawili. Daraja likaisha 1899.

Ngozi akazitandika nyumbani kama zulia, kisha 1924 akaziuza kwa makumbusho ya Chicago kwa dola 5,000.

Mwanawe Bryan aliajiriwa hapohapo 1926. Patterson alifariki 1947. Mwaka 1965 Bryan, akiwa Kanapoi, Kenya, aliokota mfupa wa zamadamu wa miaka milioni 4 hivi.