Tom Mboya, mtoto aliyekosa karo akawasafirisha wenzake

Mwishoni mwa Agosti nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, mimi na mpwa wangu, binti wa dadangu. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu Istanbul, na waliofika huko walituonya kuwa baridi yake si ya mzaha. Makoti mazito huku kwetu ni adimu, na ukiyapata bei haishikiki. Tukaambiwa nendeni Gikomba.

Tulifika alfajiri, mabelo ya mitumba ndiyo yanafunguliwa. Anayewahi ndiye apataye ile wanayoiita kamera, yaani nguo ya kwanza kuchaguliwa kabla ya mikono mingi kuipitia. Kufikia saa nne tulikuwa na koti, buti na sweta mbili. Tulipokuwa tukitafuta njia kati ya mikokoteni na matope, nikainua macho nikaona jina la barabara: Digo Road. Nikacheka peke yangu. Wadigo wetu wa Kwale, jina lao liko hadi Gikomba!

Kwenye barabara hiyo kuna jengo la Solidarity, makao makuu ya COTU. Mpwa wangu akaniuliza ni jengo la nini. Nikamwambia ni kazi ya Tom Mboya, na kwamba huyo mtu ana uhusiano na safari yake kuliko anavyodhani. Mizigo ilikuwa mizito, sikumaliza. Leo namalizia, na wewe msomaji usikie.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara pale, lakini asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika ziwa Victoria. Alisoma shule za misheni za Kabaa na Yala, kisha Mang'u. Masomo aliyaweza. Kilichomshinda ni karo. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na mshahara wa shamba la mkonge hautoshi kila kitu. Tomu akaacha Mang'u bila kumaliza, akaingia chuo cha kufunza wakaguzi wa afya, ambako hakutakiwa karo.

Mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ileile. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia maabara na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamkuta Mboya pale peke yake, na bado akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya alikisimulia kisa hicho maisha yake yote.

Akaanza kuwapanga wafanyakazi wa jiji katika chama. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, KAU ilipigwa marufuku na viongozi wake walikuwa kizuizini. Sauti ya Mwafrika iliyobaki ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi, na Mboya, kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Wakati huo akiishi Ziwani, nyumba ya baraza, si mbali na hapa Gikomba.

Sisi wa pwani tulimjua Machi 1955. Makuli wa bandari ya Kilindini waligoma, na mji ukasimama. Mboya akashuka Mombasa, akawasihi warudi kazini ili kesi yao isikizwe, na ilipoamuliwa wakapata nyongeza ya asilimia 33. Marehemu baba yangu alikuwa kuli wakati huo. Nyumbani kwetu jina la Mboya lilitajwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Rusinga hata kwenye ramani.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, yule aliyekosa karo ya Mang'u akawa mwanafunzi ng'ambo. Alipata ufadhili wa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, chuo cha watu wa kazi waliokosa masomo utotoni. Akasoma siasa na uhusiano wa waajiri na wafanyakazi. Alikaa Uingereza kama mtu mwenye jambo la kueleza: mwaka 1956 kijitabu chake kuhusu suala la Kenya kilichapishwa London. Kisha akavuka kwenda Marekani, na vyama vya wafanyakazi vya huko vikamwahidi dola 35,000 za kujenga makao ya wenzao wa Kenya. Ndilo jengo tuliloliona mimi na mpwa wangu, tukiwa na koti begani.

Alirudi nyumbani, na Machi 1957 akachaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima huko Accra, na umri wake ni miaka 28.

Lakini mimi nataka kukaa kwenye jambo moja. Mboya aliona uhuru unakuja na waliosoma hawatoshi. Makerere ilichukua wachache, na serikali ya mkoloni haikutaka kusikia habari za vyuo vya Marekani. Mwaka 1959 akazunguka Marekani wiki kadhaa akihutubia, akiomba vyuo vitoe nafasi na watu watoe nauli. Rafiki yake William Scheinman alisaidia kuanzisha wakfu. Jackie Robinson wa besiboli, na Harry Belafonte na Sidney Poitier wa sanaa, walitia saini barua ya kuomba michango. Nairobi, Mboya, Julius Kiano na Kariuki Njiiri walipitia maombi ya vijana. Huko mashambani wazazi walifanya michango ya chai, wakauza ng'ombe, ili mtoto asifike mkono mtupu.

Septemba 1959 ndege ya kwanza ikatua New York na wanafunzi 81. Ofisi ndogo ya wakfu, iliyosimamiwa na Cora Weiss, ndiyo iliyokuwa ikishughulika nao. Julai mwaka uliofuata Mboya alimwendea John Kennedy, ambaye alikuwa akigombea urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi 1963 waliosafiri kwa mpango huo walikuwa karibu 800.

Mmoja wa waliokwenda 1960 ni Wangari Maathai, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel. Siku zake za kwanza hazikuwa za asali. Alishangazwa na majumba marefu ya New York, kisha akapanda basi na mwenzake, safari ndefu ya kwenda Kansas. Njiani, Indiana, waliingia mkahawani wanywe soda. Wakaambiwa wanaweza kununua, lakini si kuketi ndani, kwa sababu ya rangi yao. Wakanywea nje. Walipofika Kansas masista wa chuo waliwapokea, na masomo yakaanza. Mwenzao wa ndege ya 1959, Pamela Odede, aliolewa na Mboya mwenyewe mwaka 1962.

Mboya hakuwa malaika, na kwetu pwani si wote waliompenda. Alipingana na Ronald Ngala na majimbo aliyoyataka. Mwaka 1965, akiwa waziri wa mipango, ndiye aliyewasilisha Waraka nambari 10, uliosema fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Waliokuwa na kitu wakaongezwa, na sehemu nyingi za pwani zikaambiwa zingoje. Hata Barack Obama, baba wa yule rais wa Marekani, kijana aliyesomea huko kwa msaada wa marafiki hao wa Mboya, aliukosoa hadharani. Deni hilo bado tunalidai.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa mbunge wa Kamukunji, eneo lenye Gikomba. Hakufikisha miaka 39. Alizikwa Rusinga.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Usiku wa tatu tangu afike alinipigia simu akilia. Chumba alichoahidiwa kilikuwa kimepewa mtu mwingine, pesa za matumizi zilikuwa zinakwisha, na lugha haijui. Akaniambia mjomba, nataka kurudi. Sikuwa na la maana la kumwambia, ila kumhadithia wale wasichana wawili na soda zao. Kilichomwokoa si hadithi yangu. Ni kijana wa Lamu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyesikia habari zake kwa marafiki, akamwombea nafasi kwa wasichana Wakenya wanaokaa pamoja.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Mboya. Watoto wetu leo wanapata ufadhili Uturuki, Malaysia, India, Ghuba. Tunawasindikiza Moi kwa dua na machozi, kisha tunawaacha kwa bahati yao. Arusi moja ya Mombasa hukusanya michango ambayo ingemlipia mwanafunzi kodi ya miezi kadhaa. Mboya alikuwa na orodha, kamati na mtu upande wa pili. Sisi tuna misikiti, vyama vya wanawake, vikundi vya mitaa. Kipi kinatuzuia kuwa na daftari moja la nani anakwenda wapi, na nani yuko huko?

Wiki jana mpwa wangu alinipigia tena. Hakulia. Ameomba nimtafutie majina ya watakaokwenda mwaka huu, mapema, aweze kuwapokea uwanja wa ndege. Na kama kuna atakayepita Gikomba, amesema, amchukulie koti moja la akiba, kwa yule atakayefika bila.