Ike: jenerali aliyenadiwa kwa sekunde 20

Msimu wa kampeni ukikaribia utawasikia wazee vijiweni wakilalamika kwamba siasa za siku hizi ni maneno mafupi matupu, eti zamani mgombea alikuwa anahutubia mpaka jua linazama. Leo nawaletea mzee aliyeufungua huo mlango kwenye TV. Anaitwa Dwight Eisenhower, wenyewe Wamarekani walimwita Ike.

Alizaliwa Texas mwaka 1890, tarehe 14 Oktoba, siku ambayo sisi Bongo tunamkumbuka Mwalimu. Alikulia Abilene, mji mdogo wa Kansas, kwenye familia ya kimaskini ya watoto wa kiume watupu. Alipomaliza sekondari mwaka 1909 hakwenda chuo. Aliingia kazini kwenye kiwanda cha maziwa na kupiga shifti za usiku, ili ndugu yake Edgar apate karo ya chuo. Baadaye akaomba nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, maana pale hakuna karo. Akaingia 1911, akamaliza 1915.

Jeshini alisota. Alikaa na cheo cha meja miaka 16 mizima! Kazi yake kubwa ilikuwa ofisini, ikiwemo kumwandikia hotuba bosi wake, Jenerali MacArthur. Kwa hiyo maneno aliyajua siku nyingi. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili, na Juni 6, 1944 yeye ndiye alikuwa kamanda mkuu wa majeshi yaliyovuka bahari kutoka Uingereza kwenda kupambana na Wajerumani pwani ya Ufaransa. Usiku ule alikuwa na karatasi mfukoni, kaandika kabisa kwamba mambo yakiharibika lawama zote ni zake. Haikuhitajika.

Sasa twende 1952. Ike anagombea urais kwa tiketi ya Republican, mpinzani wake ni Adlai Stevenson, gavana wa Illinois. Stevenson alikuwa fundi wa kuongea. Alinunua nusu saa nzima kwenye TV kuelezea sera zake, na mara nyingine muda ulimwishia katikati ya sentensi, matangazo yakakatwa.

Upande wa Ike akaja Rosser Reeves, mtu wa matangazo ya biashara, huyu huyu anayejulikana kwa matangazo ya dawa ya kichwa ya Anacin. Akashauri jenerali aoneshwe kwa sekunde 20 tu kila mara, katikati ya vipindi ambavyo watu wanavipenda. Wakamweka Ike studio New York siku moja, wakamvua miwani, wakamwandikia majibu kwa herufi kubwa kwenye makaratasi. Akarekodi vipande karibu 40.

Kali zaidi ni hii: alirekodi majibu kwanza! Waliouliza maswali walitafutwa baadaye, watalii waliokuwa wanapita mjini, wakasomeshwa maswali, kisha vipande vikaunganishwa. Mtazamaji nyumbani anaona mama analalamikia bei za vyakula, jenerali anamjibu kwamba hata mkewe Mamie analia na bei hizo hizo, na kwamba umefika wakati wa mabadiliko. Basi. Bei zitashukaje? Hakusema. Mwenyewe Ike alinung'unika pale studio kwamba askari mzee kama yeye kafikishwa huku.

Lakini kuna kauli yake nyingine fupi ambayo mimi naiheshimu. Oktoba 24, 1952, akiwa Detroit, vita vya Korea vikiwa vinaendelea tangu 1950, aliahidi kwamba atakwenda mwenyewe Korea. Akashinda kwa kura 442 za wajumbe dhidi ya 89. Desemba, kabla hata ya kuapishwa, akaenda kweli. Julai 27, 1953 mapigano yakasimamishwa.

Umeona tofauti? Zote mbili ni kauli fupi, mtu yule yule, kampeni ile ile. Ya mabadiliko huwezi kumdai nayo. Ya Korea unaweza: amekwenda au hajakwenda?

Baada ya hapo mambo yakazidi kufupishwa. Kwenye taarifa za habari za TV za Marekani, sauti ya mgombea akiongea bila kukatwa ilikuwa wastani wa sekunde zaidi ya 40 mwaka 1968. Kufika 1988 ilikuwa chini ya 10. Na sisi tusijitoe. Uchaguzi wa 2015 kauli ya maneno matatu kuhusu kazi ilikuwa mdomoni kwa kila mtu, ila nani anakumbuka hata ukurasa mmoja wa ilani?

Ike alitawala vipindi viwili. Januari 17, 1961, akiaga, aliwaonya Wamarekani kuhusu nguvu ya jeshi na viwanda vya silaha vikishikana, akasema kinga yake ni raia walio macho na wenye kuelewa mambo. Akafariki Washington tarehe 28 Machi 1969, akiwa na miaka 78.

Mimi nina kura moja, na wewe unayo yako. Mgombea akikupa maneno matatu, muulize: utafanya nini, lini, na nitajuaje kama umefanya? Akikosa jibu, hiyo ni Anacin tu.

Haya wadau, kauli gani ya kampeni mliwahi kuidai ikalipwa? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.