Mtengeneza midoli aliyewafundisha madaktari kuokoa maisha

Mzazi unayeishi Bumbire au kisiwa kingine cha Muleba, ziwa ndilo shamba lako na ndilo barabara yako. Watoto huchota maji humo na kuoga humo. Ndiyo maana leo nakusimulia maisha ya Asmund Laerdal wa Norway.

Laerdal hakuwa daktari. Mwaka 1940 alianzisha kampuni ndogo mjini Stavanger. Alichapa vitabu vya watoto, kisha akatengeneza vitu vya kuchezea vya mbao na baadaye midoli ya plastiki laini. Mwanawe Tore, akiwa na miaka miwili, alizama majini. Baba alimtoa akiwa amelegea, akamsafisha njia ya hewa, na mtoto akapona.

Baadaye daktari wa usingizi Peter Safar, huko Marekani, alionyesha kwamba asiyepumua anaweza kuokolewa kwa kupuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo. Lakini madaktari wangejifunzia kwa nani? Mgonjwa mahututi si wa kujaribiwa. Mwaka 1960 Laerdal akaleta jibu: mdoli mwenye ukubwa wa mtu, Resusci Anne. Ukimpulizia vizuri, kifua huinuka. Ukikosea, unarudia, na hakuna anayekufa.

Laerdal alifariki mwaka 1981, ila kazi yake imefika kwetu. Hapa Tanzania, wahudumu katika hospitali 8 walifanya mazoezi ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, wakitumia mdoli wa kichanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo ukimkuta mhudumu akimpulizia mdoli, usidhani anacheza.

Nawe jifunze, kwa sababu boti ya kwenda hospitali haiwezi kuiwahi pumzi. Mtoto aliyezama mlaze chali mahali pagumu. Usimminye tumbo wala kumning'iniza kichwa chini. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 ukitazama kifua kikiinuka. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, mpulizie 2, na uendelee hivyo wakati mwenzako anatafuta boti. Akizinduka, bado mpeleke hospitali.

Ukienda kliniki, mwombe mhudumu akuonyeshe kwa vitendo. Mikono iliyozoea haitetemeki sana siku ya hatari.