Mackinder alikwea Mlima Kenya wakati wa kusi

Mkwezi wa minazi atakwambia kwamba mnazi aliokwea jana si mnazi ule wa leo, iwapo usiku mvua imenyesha. Shina ni lile lile, vidato ni vile vile, lakini mguu wateleza. Nahodha naye atakwambia kwamba safari ya jahazi kutoka Lamu kuja Mombasa ni rahisi wakati wa kaskazi, na ni mateso wakati wa kusi. Mambo haya sisi watu wa Pwani twayajua tangu utotoni. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye habari za milima ya barafu twayasahau. Twauliza njia fulani ni ngumu au ni rahisi, bila kuuliza ilikweewa mwezi gani.

Ndiyo maana leo nataka kumkumbuka Halford John Mackinder, Mwingereza aliyeongoza msafara wa kwanza unaojulikana kufika kilele cha Batian, Mlima Kenya, tarehe 13 Septemba 1899.

Mackinder alizaliwa mwaka 1861 katika mji mdogo wa Gainsborough, Uingereza, mwana wa daktari. Alisoma Oxford, na mwaka 1887 akapewa kazi ya kufundisha jiografia chuoni hapo, wakati ambapo wasomi wengi hawakuihesabu jiografia kuwa elimu kamili. Alikuwa msemaji hodari na mwalimu mzuri. Lakini siku zile mwanajiografia asiyevuka bara geni alionekana ni mtu wa vitabu tu. Alihitaji safari itakayomjengea jina. Mjerumani Hans Meyer alikuwa ameshafika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ulikuwa bado.

Kilichomfungulia mlango ni reli. Mwaka 1899 reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi. Mackinder akapitia Unguja na Mombasa, akapanda gari la moshi, na mwishoni mwa Julai akaondoka Nairobi na msafara wa watu wapatao 170. Wazungu walikuwa sita. Waliosalia walikuwa Wakikuyu 96, Wamasai wawili wa kuonyesha njia, na Waswahili 66.

Nawaomba mkumbuke hesabu hiyo ya 66. Tutairudia.

Msafara ulipita katika nchi iliyoshikwa na njaa kubwa na maradhi. Ulipofika chini ya mlima katikati ya Agosti, chakula hakikupatikana. Watu wawili wa msafara wakauawa na wenyeji. Ikabidi Mackinder atume watu hadi Naivasha kuomba msaada, na huku yeye akisonga juu na viongozi wake wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel, wenyeji wa Courmayeur, Italia. Tarehe 30 Agosti walijaribu kupanda upande wa kusini-mashariki, giza likawakuta, wakarudi. Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel wakajaribu njia nyingine, dhoruba ya theluji ikawafukuza.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mlima Kenya umekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hauna baridi ya mwaka mzima wa Ulaya yenye majira manne. Lakini una namna yake ya majira ya baridi. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini mwa ikweta. Nyuso za mlima zinazotazama kusini hukaa kivulini, barafu ikashika na theluji ikalala kwenye mwamba. Kuanzia Desemba hadi Februari mambo hugeuka: jua likiwa kusini, nyuso za kusini hukauka na mwamba ukawa mkavu wa kushikika, na upande wa kaskazini ukaingia baridi. Kwa lugha yetu, wakati wa kusi upande wa kusini ni barafu, na wakati wa kaskazi ni mwamba.

Mackinder alikwenda Septemba, upande wa kusini. Hakuwa na aliyemtangulia wa kumuuliza. Na hata angejua, asingeweza kungoja hadi Januari, kwa kuwa kambi nzima ilikuwa na njaa. Chakula kilipowasili kutoka Naivasha, alipanda mara moja. Wakavuka barafu ya Lewis, wakapanda kilele cha Nelion upande wa kusini-mashariki, wakalala mwambani. Alfajiri wakaendelea, wakakutana na mteremko wa barafu unaoning'inia chini ya mwanya ulioko kati ya Nelion na Batian. Barafu ile ilikuwa ngumu mno, hata wakaiita Diamond, yaani almasi.

Msomaji afahamu kwamba viatu vya siku zile vilikuwa vya ngozi vyenye misumari kwenye soli. Vyuma vya kisasa vyenye meno ya mbele, ambavyo mkwezi huvipigiza kwenye barafu akasimama kwa ncha za miguu, vilikuwa havijatengenezwa. Kila hatua ilichongwa kwa shoka, kama vidato vya mnazi. Barafu ikiwa laini kidogo, shoka hukata kidato kwa mapigo machache. Ikiwa ngumu kama kioo, huruka vipande vipande, na hatua moja hula mapigo mengi na nguvu nyingi. Kipande kifupi walichovuka kiliwala saa kadhaa. Walifika juu saa sita mchana.

Sasa tazameni kilichofuata. Kwa karibu miaka 30 hakuna aliyefika tena Batian. Kisha Januari 1929, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris wakafika kwa njia ya mwamba, wakipitia juu ya Nelion. Walikuwa hodari, hilo halina shaka. Lakini walikwenda wakati wa kaskazi, upande ule ukiwa umekauka. Anayewalinganisha na Mackinder kwa kutazama ramani peke yake, bila kutazama kalenda, hajawatendea haki wala hawa wala yule.

Na kuna mabadiliko mengine yasiyorudi kila mwaka kama pepo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imeshatoweka. Barafu ya Lewis aliyoivuka Mackinder ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mtu aweza kudhani kwamba barafu ikipungua mlima huwa rahisi. Sivyo. Barafu hujaza nyufa na kushikilia mawe yaliyolegea. Ikiondoka, mawe huanguka jua likipanda, na panapobaki ni mwamba mtupu usio na pa kushika. Mfano ni mfereji wa barafu ulioko chini ya Diamond. Mwaka 1973 Phil Snyder na Mkenya mwenzetu Thumbi Mathenge waliupanda kwa mara ya kwanza. Miaka ya karibuni sehemu yake ya chini mara nyingi haina barafu, na mwanzo wa njia umekuwa mgumu kuliko ulivyowakuta wao.

Mackinder mwenyewe hakurudi kwenye mlima huo kukwea tena. Aliendelea na siasa na elimu. Aliongoza chuo cha uchumi cha London kuanzia 1903 hadi 1908. Mwaka 1904 alitoa nadharia iliyompa umaarufu mkubwa zaidi, kwamba reli zitaipa nguvu nchi kavu ya Ulaya na Asia dhidi ya dola za baharini. Alikuwa mbunge wa Glasgow kuanzia 1910 hadi 1922, akafariki mwaka 1947. Kitabu kamili cha safari yake ya Mlima Kenya kilichapishwa mwaka 1991, miaka mingi baada ya kifo chake.

Narudi kwenye wale 66. Mackinder alivipa vilele majina ya malaibon wa Kimasai, na mito ya barafu ikapewa majina ya Wazungu. Hakuna jiwe wala barafu yenye jina la Mswahili aliyebeba mzigo hadi chini ya theluji bila viatu vya baridi. Jinsi wapagazi wale walivyotendewa, na waliokufa walikufaje, ni jambo ambalo wanahistoria bado wanalijadili. Waswahili tulisema, asiyekuwepo na lake halipo. Lakini wao walikuwepo. Njaa iliyomharakisha Mackinder iliwakata wao kwanza, na bila chakula kilichobebwa kutoka Naivasha kusingekuwa na tarehe 13 Septemba.

Kwa hiyo akitajwa Mackinder shuleni, simpingi kupewa haki yake. Alikwea barafu ngumu, katika msimu mgumu, kwa zana duni. Ninaloomba ni kwamba hali yote itajwe pamoja naye: mwezi, barafu, njaa, na mabega ya watu. Njia aliyoipita imebaki kwenye karatasi tu, kwani barafu yenyewe inakwenda zake. Mkwezi wa leo hawezi kuirudia aone ilikuwa na ugumu gani. Tulichobaki nacho ni habari, na habari ikipunguzwa majina ya watu, nayo huyeyuka vile vile.

Wallahu a'alam.